Daktari wa kesho atajifunzia wapi: mu oditoriyamu ao pembeni ya kitanda?

Franga ya kasiterite inafanya kazi mingi mu teritwari ya Malemba-Nkulu. Inanunua mabati ya nyumba, inalipa pikipiki, inafungulia mama ka-butiki ka chumvi na sabuni. Mu familia fulani inalipa pia masomo ya mutoto anayesomea udaktari ku Kamina ao ku Lubumbashi. Baba anatoka mu shimo na vumbi ku nyusi, anahesabu, anatuma. Kila mwaka anauliza swali moja: mutoto atamaliza lini?

Kuna swali lingine linalopita hilo, na wenye kufundisha udaktari wanabishana juu yake: siku atakapomaliza, atajua kufanya nini?

Swali hili si la wazazi wa wanafunzi peke yao. Ni la kila mutu anayeshuka mu shimo, na la bibi yake, na la batoto wake. Daktari kijana akitumwa ku lupitali kubwa ya zoni ya afya, mara nyingi hana mukubwa wa kumuuliza. Mama analetwa usiku, mutoto amekwama tumboni: ni yeye njo atapasua. Muchimbaji anatolewa chini ya udongo, muguu umevunjika: ni yeye njo ataamua. Mabingwa wako mbali, ku Lubumbashi. Wakati wa mvua barabara inakatika, na mutumbwi wa Lualaba haukimbii sawa damu inayotoka. Kile ambacho daktari hakujifunza ku shule, mugonjwa njo atakilipa.

LMD: ni nini imebadilika?

Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa iliweka mufumo mupya unaoitwa LMD: lisansi, masta, doktora. Kwa miaka kadhaa ulibaki zaidi ku karatasi. Ni mu mwaka wa masomo 2021-2022, wakati Muhindo Nzangi alikuwa waziri wa elimu ya juu, njo vyuo vikuu vya inchi nzima viliingizwa ndani yake, kuanzia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wazazi wengi walizoea hesabu ya zamani. Mutoto alifanya gradua miaka 3, kisha akaingia mu miaka ya doktora: D1, D2, na kuendelea mupaka staji za mwisho. Neno hilo moja, doktora, leo linachanganya watu. Zamani lilikuwa jina la miaka ambayo mwanafunzi wa udaktari anajifunza magonjwa na kuzunguka mu lupitali. Mu mufumo mupya, doktora ni masomo ya utafiti yanayokuja nyuma ya masta, hata kwa mutu wa sheria ao wa kilimo. Basi mutoto akituma habari kwamba amemaliza lisansi, musichinje mbuzi ya daktari bado. Safari ingali ndefu.

Kitu cha pili ni kredi. Mwaka umegawanywa mu semesta mbili, na kila somo lina uzito wake unaohesabiwa kwa kredi. Kredi haihesabu saa za profesa mbele ya ubao peke yake. Inahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma vitabu, laboratwari, staji. Na kredi ambayo mwanafunzi ameshapata haipotei, hata kama ameanguka mu somo lingine.

Hapo njo walimu wanaachana njia. Wale wanaoupenda mufumo huu wanasema mwanafunzi ataacha kuwa mutungi wa kujazwa maji. Zamani alinunua silabusi, akaikariri, akaitapika siku ya mitihani, kisha akaisahau. Sasa atalazimika kutafuta mwenyewe. Wanasema pia kwamba diploma yake itaeleweka ku inchi zingine, na kwamba mutoto wa masikini hatarudia mwaka muzima, na franga yote ya mwaka, juu ya somo moja ao mawili.

Wale wenye mashaka wanajibu: udaktari si sawa masomo mengine. Mwili wa mutu haukatwi vipande-vipande kama kredi. Mwanafunzi ambaye hajajua vizuri mahali mushipa wa damu unapita, atafanya nini mu somo la upasuaji? Wanasema tena: mukisema mwanafunzi ajisomee, mumupe vitabu, umeme na intaneti. Bila hivyo, ile saa ya "kazi ya mwanafunzi" inakuwa saa ya bure. Na mu oditoriyamu ambamo watu wamejaa mupaka ku madirisha, profesa mumoja hawezi kufuata kazi ya kila mutu, hata sheria ingesema nini.

Mikono bila karatasi, karatasi bila mikono

Mabishano haya yana mizizi ya mbali. Kwa sehemu kubwa ya wakati wa Wabelgiji, Mukongomani hakuwa na njia ya kuwa daktari. Chuo kikuu cha Louvain kilianzisha kazi ya afya ku Kisantu mu mwaka 1926, na kule, sawa vile ku Léopoldville, vijana wa Kongo walifundishwa kuwa wasaidizi wa daktari, wale walioitwa asistan medikali. Walijifunza pembeni ya mugonjwa, siku kwa siku. Jason Sendwe, mutoto wa Kabongo, hapa-hapa mu Haut-Lomami, alikuwa mumoja wao mbele ya kuwa mukubwa wa Balubakat. Aliuawa ku Albertville, Kalemie ya leo, mu mwezi wa Juni 1964. Lupitali kubwa ya Lubumbashi yenye jina lake inapokea mupaka leo wanafunzi wa udaktari wa staji.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mu mwaka 1954. Lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, inchi hii kubwa haikuwa na madaktari Wakongomani waliotoka mu vyuo vyake. Nyuma ya machafuko ya Julai, sehemu kubwa ya madaktari Wabelgiji ilirudi kwao. Shirika la Afya la Dunia lilisaidia kutuma makumi ya wale wasaidizi ku Ufaransa, wamalize masomo na kurudi na diploma. Madaktari wa kwanza wa Lovanium walitoka mu 1961.

Wale wasaidizi walikuwa na mikono, walikosa karatasi. Kwa muda mufupi waliongezewa karatasi, na wakabeba lupitali za inchi. Hofu ya walimu wengi leo ni kinyume chake: kuzaa madaktari wenye karatasi, wasiokuwa na mikono. Vyuo vimeongezeka, fakilte za udaktari zimefika mupaka mu miji ya ndani. Ni jambo la furaha kwamba mutoto wa Haut-Lomami anaweza kusomea udaktari ku Chuo Kikuu cha Kamina bila kuhamia Lubumbashi. Lakini fakilte inaweza kufunguliwa kwa sahihi moja. Lupitali ya kufundishia haifunguliwi kwa sahihi. Inataka vitanda, wagonjwa, damu ya kuongezea, chumba cha upasuaji, na zaidi ya yote inataka wakubwa wenye muda wa kumushika kijana mukono.

Majirani walifanya nini?

Mageuzi haya hayakuanzia kwetu. Mu mwaka 1969, chuo cha McMaster, mu muji wa Hamilton inchi ya Kanada, kilianza kufundisha udaktari kwa njia nyingine. Wanafunzi wachache wanakaa pamoja mbele ya habari ya mugonjwa mumoja. Kwa mufano: mwanaume wa miaka 35, anakohoa tangu miezi mitatu, amekonda, anachoka akipanda kilima kidogo. Hawapewi jibu. Wanajiuliza tunajua nini, hatujui nini, na tutafute wapi. Kisha wanarudi na majibu. Mwalimu yuko pale kuwaongoza, si kuhutubia.

Njia hiyo ilifika mu Afrika ya Mashariki. Chuo cha Mbarara mu Uganda, kilichoanzishwa 1989, kilitaka tangu mwanzo wanafunzi wake wajue vijiji. Chuo cha Moi, ku Eldoret mu Kenya, kilifanya sawa vile tangu kilipopokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mu 1990: mwanafunzi anatumwa kukaa kati ya watu, kuhesabu vyoo, kupima maji, kuuliza bamama juu ya chanjo. Makerere, yenye shule ya udaktari tangu 1924, iliacha njia ya zamani mu 2003. Muhimbili, ku Dar es Salaam, ilianza mu 2011 masomo yanayopimwa kwa uwezo: hawaulizi mwanafunzi amesoma saa ngapi, wanauliza anaweza kufanya nini.

Kule pia walimu hawakusikilizana. Wazee waliogopa kwamba misingi ya sayansi, yaani mwili ulivyojengwa na unavyofanya kazi, itakuwa na matundu. Walisema kuongoza vikundi vidogo kunakula nguvu kuliko kuhutubia watu 200 mara moja, na kwamba mwalimu ambaye mwenyewe alifundishwa kwa hotuba hajui kunyamaza ili mwanafunzi afikiri. Wengine waliona faida: mwanafunzi anauliza, anatafuta, anazoea kusema "sijui, nitaangalia" kuliko kubahatisha juu ya mwili wa mutu. Kwa kweli pande zote mbili zilikuwa na haki. Njia mupya bila walimu wa kutosha inakuwa kelele ya wanafunzi peke yao. Na njia ya zamani bila wagonjwa inakuwa mashairi ya kukariri.

Swali moja ambalo muchimbaji anataka kuulizwa

Sasa turudi ku yule mwanaume wa miaka 35 anayekohoa. Mu Malemba-Nkulu anaweza kuwa muvuvi, mulimaji, ao muchimbaji. Kama ni muvuvi, daktari atafikiri kifua kikuu. Kama ni muchimbaji anayepasua mawe makavu, kuna kitu kingine cha kufikiri: vumbi la mawe meupe, kwarsi, linaloingia ndani ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuondoa, na unafungulia mulango kifua kikuu, hata mutu anaweza kuwa na yote mawili kwa mara moja. Daktari asiyejua atatoa vidonge vya kikohozi na kumurudisha mu shimo lile-lile.

Mutaliano mumoja, Bernardino Ramazzini, profesa wa udaktari, aliandika mu mwaka 1700 kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na wachimba-madini wamo. Aliwaomba madaktari waongeze swali moja juu ya yale wanayomuuliza mugonjwa: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita. Kuna watu mu mashimo yetu waliopita mbele ya madaktari mingi bila kuulizwa swali hilo hata mara moja.

Walimu wa hapa kwetu hawakulala. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Louvain ku Ubelgiji walitoa mu 2009 utafiti uliopima mikojo ya watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda, na kukuta kobalti ya juu sana. Mu 2018 walionyesha kwamba mu kartie ya Kasulo, ku Kolwezi, ambako watu walichimba katikati ya nyumba, batoto walikuwa na kobalti mingi mu mwili kuliko wakubwa. Mu 2020 utafiti mwingine uliofanyika Lubumbashi ulionyesha kwamba batoto wanaozaliwa na vilema wana uwezekano zaidi wa kuwa na baba anayefanya kazi inayohusu madini.

Vitu hivyo viliandikwa na baprofesa wetu, na vilisomwa mu dunia nzima. Kama silabusi zitabadilika, basi zibadilike mupaka hapo. Mwanafunzi wa Kamina ao wa Lubumbashi ajue pumzi ya muchimbaji kuliko anavyojua magonjwa ya baridi ya Ulaya. Wakati wa Union Minière, na kisha wa Gécamines, mufanyakazi alikuwa na lupitali ya kampuni, na daktari wa kampuni alijua kazi ya wagonjwa wake. Muchimbaji wa mukono hana kampuni. Daktari wake ni yule wa zoni ya afya, na kile atakachojua ni kile tu alichofundishwa.

Malemba-Nkulu inaweza kuwa darasa

Kuna walimu wanaosema: mwanafunzi atoke mu muji, atumwe mupaka huku. Sababu wanayo. Kolera mu Lubumbashi mwanafunzi anaweza kuisoma mu kitabu. Huku, kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, inarudi mara na mara, na anaweza kuona kwa macho namna mutu anavyokauka na namna maji ya mushipa yanavyomurudisha. Mu 2015, surua iliyoua batoto wengi mu Katanga ilianza kuwaka mu zoni ya Malemba-Nkulu. Mu 2017, Haut-Lomami ilikuwa kati ya majimbo yaliyopatwa na polio iliyotoka ku virusi vya chanjo, vinavyogeuka kali pale batoto wengi wamekosa chanjo. Mwanafunzi aliyeona hayo hatachukua chanjo kuwa kazi ndogo ya banfirmye.

Wengine wanapinga, na maneno yao yasitupwe. Nani atamusimamia huyo mwanafunzi? Daktari wa lupitali ya ndani ana wagonjwa mupaka shingoni, na hakuna anayemulipa kwa kufundisha. Kama hakuna wa kusimamia, kijana atakuwa mufanyakazi wa bure, ao mubaya zaidi, atajifunzia makosa juu ya miili ya watu masikini. Mutu wa Malemba-Nkulu si ubao wa kujaribia.

Njia ya katikati iko, na haihitaji maneno makubwa. Mwanafunzi aje, lakini aje na kadi inayosema wazi ni kazi gani lazima azifanye na mara ngapi: kuzalisha, kushona kidonda, kufunga mufupa, kumurudishia maji mutoto. Kila kazi isainiwe na mukubwa aliyeiona kwa macho yake. Na huyo mukubwa ahesabiwe kuwa mwalimu, ku jina na ku mushahara.

Na vifaa viwepo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyesomea Lovanium na kufundisha Kinshasa kwa miaka mingi, alitumwa Yambuku mu 1976, wakati Ebola haikuwa na jina bado. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hazikuwepo, na damu ikamwagika ku vidole vyake. Aliosha kwa maji na sabuni, akapona hatari hiyo. Mwenyewe ameieleza habari hii mara nyingi. Mageuzi yanayoandika kredi nyingi na kusahau glavu yanawatuma vijana wetu mahali kama pale, na si kila mutu atakuwa na bahati yake.

Mambo ya kuuliza mbele ya kulipa

Mzazi anayetoa franga ana haki ya kuuliza, hata kama hakusoma. Mbele ya kumuandikisha mutoto ku fakilte yoyote ya udaktari, uliza haya. Fakilte inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu? Wanafunzi wanafanya staji ku lupitali gani, na lupitali hiyo ina vitanda na chumba cha upasuaji? Kikundi cha staji kina watu wangapi nyuma ya daktari mumoja? Walimu wanakaa pale, ao wanakuja wiki mbili, wanafundisha mbio-mbio na kurudi? Waliomaliza wanakubaliwa na Ordre ya madaktari? Bila jina mu kitabu cha Ordre, diploma haimupi mutu ruhusa ya kutibu.

Na wewe mugonjwa, ukifika mbele ya daktari, usingoje akuulize. Mwambie: mimi ni muchimbaji, niko mu mashimo tangu miaka fulani, ninapasua mawe, ninakula vumbi. Mama naye aseme kama anaosha kasiterite na mutoto ku mugongo. Kama anayekutibu ni mwanafunzi wa staji, atakuwa amejifunza kitu siku hiyo, na hakuna mageuzi ya serikali yanayohitajika ili somo hilo lianze.